Dakika Kumi na Mbili Hadi Jiwe Namba Tisa

Idara ya Mipaka na Mawe inayo furaha kuutangazia umma kwamba, kuanzia robo hii ya mwaka, itajua ilipo.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye ubao wa korido, chini kidogo ya tangazo la kukataza kubandika matangazo. Aliyelibandika ni Katibu wa Kamati, ambaye ofisi nzima ilimwita Muhtasari. Jina alilipata kwa haki. Kwa miaka kumi na tisa aliandika mihtasari ya vikao, na hakuwahi kuacha neno la mkubwa likaanguka chini. Mkurugenzi akikohoa, yeye huandika, "Mkurugenzi alitafakari." Kwake, jambo lisiloandikwa halikutokea, na lililoandikwa haliwezi kupingwa hata na waliokuwepo.

Miaka yote hiyo Idara haikuhitaji kujua ilipo, kwa sababu ilikuwa ofisini. Ilimiliki mawe arobaini ya mpaka yaliyouzunguka msitu, na kila jiwe lilikuwa na mstari wake wa namba katika daftari kubwa lililoachwa na wapimaji wa zamani. Hakuna aliyekwenda kuyatazama. Mawe, kama alivyopenda kusema Mkurugenzi, si watu wa kuhamahama. Lakini Wizara iliagiza kinunuliwe kifaa cha mkononi cha kuongea na satelaiti, kile ambacho wenye kukijua hukiita jipiesi, na agizo la Wizara halijibiwi kwa methali.

Ikaundwa Kamati ya Uteuzi wa Kifaa cha Kujua Tulipo, wajumbe saba, vikao tisa. Mezani viliwekwa vifaa vitatu. Cha kwanza kilikuwa na kioo kikubwa cha kugusa, kikachora mito ya buluu na barabara za njano, na chaji yake ikaisha kabla ya ajenda ya pili. Cha pili kilikuwa saa ya kuvaa mkononi, nacho kikaondolewa mapema, maana Mkurugenzi alisema Idara haiwezi kuvaliwa na mtu mmoja. Cha tatu kilikuwa kinene, cheusi, chenye vitufe vitano na kioo cha kijivu, kikila betri mbili za kawaida za tochi. Sura yake haikumvutia mtu.

Kama mdau wa nje alialikwa askari wa msitu, mama wa miaka hamsini na ushei, aliyeitwa Mama Gambuti kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona na viatu vingine. Aliwekewa kiti karibu na mlango, na chini ya miguu yake likatandikwa gazeti.

"Chukueni hicho cha vitufe," alisema. "Cha kugusa, mvua ikinyesha kinajigusa chenyewe. Na kioo chake ukikitazama juani utajiona wewe tu. Hiki betri zake hata kwenye duka la mwisho wa barabara zipo. Unaweka mbili ndani, mbili mfukoni. Kikianguka matopeni unakifuta, safari inaendelea."

"Kinachora ramani?" aliuliza Mkurugenzi.

"Si sana. Kinakwambia ulipo. Unakiwekea alama ulipoacha gari, kinakurudisha. Mtu aliyepotea anataka nini tena?"

"Idara haijapotea, mama. Haijajua ilipo, basi."

Muhtasari akaliandika hilo pia.

Kamati ilikichagua kifaa hicho hicho cha vitufe, ila kwa sababu zake yenyewe. Ilibainika kwamba kubonyeza kitufe ni kufanya uamuzi, na kila uamuzi lazima uwe na afisa wake. Kioo cha kugusa kingehitaji maafisa wasio na idadi. Vitufe vitano vilihitaji watano tu. Cha kuwasha alikabidhiwa Fundi Umeme. Cha kugeuza kurasa kilikwenda Masijala. Cha kurudi walipewa Utumishi, kwa kuwa ndio wanaopokea watu waliotoka likizo. Cha kukuza picha kikaangukia Mapokezi, kwa kuwa kilibaki. Na kile cha kuweka alama alikichukua Mkurugenzi mwenyewe.

"Maana kila kitu katika Idara hii," alisema, "kinaanzia mezani pangu. Kila barua, kila kipimo, kila jiwe. Andika."

"Nimeandika, mheshimiwa. Kifungu cha nne."

Majaribio yalifanyika ukumbini, mapazia yamefungwa, feni inazunguka. Fundi Umeme akabonyeza cha kwake, kifaa kikawaka, kikaandika kwamba kinatafuta satelaiti. Wajumbe wakasubiri dakika arobaini wakikitazama kama watu wanaosubiri maji yachemke.

"Hizo satelaiti ziko chini ya wizara gani?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ziko angani, mheshimiwa."

"Waandikie barua. Nakala kwa Hali ya Hewa."

Mama Gambuti alikuwa bado kwenye kiti chake karibu na mlango. "Kitoeni nje, jamani," alisema. "Kinataka kuona mbingu. Chini ya bati hakisikii kitu. Na mkikitoa kipeni muda kitulie, msikiamini kikiwa ndio kwanza kinaamka."

Ushauri ulikuwa mzuri, lakini kifaa cha serikali hakitoki nje bila hati ya kutoka, na hati inataka kuandikwa kifaa kinakwenda wapi, jambo ambalo Idara isingeweza kulijua kabla ya kifaa kutoka. Busara ilitumika. Mapokezi alifungua dirisha, akatoa mkono ulioshika kifaa, akakaa hivyo robo saa. Mkono ulikuwa nje, mtumishi alikuwa ndani, na hakuna kanuni iliyovunjwa. Kifaa kikapata satelaiti saba. Wajumbe wakapiga makofi, kifaa kikafungiwa kwenye sefu kusubiri uzinduzi.

Mkurugenzi, hata hivyo, hakuwa mtu wa kuacha kazi ilale kwa kuwa kifaa kimelala. Aliagiza daftari la wapimaji lifunguliwe, na kazi ianze na jiwe namba tisa, kwa vile ukurasa wake ndio uliokuwa haujaliwa na mende. Mstari wake ulisomeka: *Kusini, nyuzi 5, dakika 12, sekunde 40.* Chini yake palikuwa na mstari mwingine unaotaja mashariki, lakini ulifunikwa na muhuri wa Idara, na hakuna mwenye mamlaka ya kufunua muhuri.

Mkurugenzi alisoma mara mbili. "Hizi nyuzi ni za stoo," alisema. "Sisi letu ni muda. Jiwe liko dakika kumi na mbili na sekunde arobaini."

Mtunza stoo alitoa nyuzi tano nyeupe za cherehani, akataka sahihi, akaipata. Muhtasari alipewa saa na hati ya safari, akaenda mpaka geti la msitu pale barabara ya gari inapoishia, akageukia kusini, akaanza kutembea mwendo wa kiofisi, usio wa haraka na usio wa kulaumiwa. Sekunde ya arobaini ya dakika ya kumi na mbili ilimkuta jikoni kwa shangazi yake.

Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya viazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona macho yako kwenye saa? Kuna unakokimbilia?"

"Niko kazini."

Akatazama chini. Mbele yake palikuwa na mafiga matatu, na sufuria juu yake. Muhtasari alikuwa mtu mwaminifu, na alichokiona alikiandika: *Mahali paliposomwa pana mawe matatu. La kushoto linaelekea kuwa namba tisa.* Akanywa chai, akaaga, akarudi ofisini. Wala hakuwaza zaidi ya hapo. Ukitaka kumlaumu, mlaumu, lakini alikuwa amefundishwa kwamba kuwaza kuna idara yake.

Wiki iliyofuata ikatoka notisi. Kwa kuwa figa la kushoto ni mpaka wa msitu, basi nyumba ya mama yule, bustani yake na nusu ya jiko vilikuwa ndani ya hifadhi, na angepaswa kuviondoa ndani ya siku kumi na nne. Dereva wa Idara, ambaye ndiye pia mpaka rangi, alikwenda akachora alama ya mkasi, ile ya kubomoa, ukutani kwa rangi nyekundu. Notisi iliandikwa kwa mwandiko mzuri sana. Ulikuwa wa Muhtasari.

Alipokwenda tena alikuta shangazi yake anafagia chini ya ile alama.

"Karibu, baba. Karatasi yenu inasema nimeingia msituni," alisema. "Nina miaka thelathini na minne hapa sijasogeza hata kigoda. Sasa niambie wewe msomi, ni mimi nimeufuata msitu au msitu umenifuata mimi?"

"Ndivyo karatasi inavyosema, Shangazi."

"Karatasi kaiandika nani?"

Muhtasari akayatazama mafiga. "Mimi."

"Basi iandike tena. Mkono si ni ule ule?"

Hakumgombeza wala hakulia, akaendelea kufagia. Hapo ndipo Muhtasari alipoona aibu ya kweli, ile inayoshuka mpaka miguuni. Alikuwa amelala kwenye nyumba ile akiugua surua, alikuwa amejifunzia kusoma kwenye mlango ule, na sasa zilikuwa zimebaki siku tisa.

Mama Gambuti alipita na doria yake, akapiga hodi kuomba maji. Kiunoni alikuwa na kifaa kama kile cha Idara, ila kikuukuu, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Akaiona ile alama.

"Nani kachora hapa?"

"Jiwe namba tisa liko hapa," alisema Muhtasari. "Dakika kumi na mbili kutoka getini. Nilipima mwenyewe."

"Dakika kumi na mbili za nini?"

"Za kutembea."

Mama Gambuti akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Kisha akamwona shangazi wa watu na ufagio wake, kicheko kikamkauka. Akakitoa kifaa, akakishika wazi juu ya kiganja mpaka kikatulia.

"Njoo uone. Dunia wameigawa nyuzi, na kila nyuzi moja wameikata vipande sitini. Kipande kimoja ndiyo dakika. Hiyo si dakika ya saa, ndugu yangu. Ni dakika ya ardhi, na moja ni karibu kilomita mbili. Hapa tulipo soma, kusini, nyuzi tano, dakika ya nane na nusu. Jiwe namba tisa liko dakika ya kumi na mbili. Nimelikalia mara nyingi nikila. Ni mwendo wa asubuhi nzima, mabondeni huko."

"Nusu siku."

"Na gambuti."

Kesho yake Muhtasari alisimama mbele ya meza ya Mkurugenzi. "Mheshimiwa, yapo maoni kwamba dakika za daftari si za saa."

"Maoni ya nani?"

"Ya mdau wa nje."

"Muhtasari, waraka umeshasainiwa. Nikiufuta huu, kesho wataniuliza na ule mwingine." Mkurugenzi akavua miwani. "Dakika ni dakika. Ofisini ni dakika, msituni ni dakika. Mimi kila asubuhi natoka sebuleni kwangu kwa miguu mpaka kwenye kiti hiki, barabara imenyooka, dakika kumi na mbili na nukta kidogo. Sijaona hata siku moja dakika ikageuka kilomita. Andika."

Muhtasari akaandika. Alipofika kwenye neno *sebuleni* kalamu ikasita. Nyumba za maafisa zilikuwa upande wa kusini wa ofisi, hilo halikuwa siri. Akamaliza sentensi, akaweka nukta, akasema asante mheshimiwa, akatoka. Hakumwambia mtu.

Siku ya uzinduzi alikuja Katibu Mkuu kutoka Wizarani, mama mwembamba wa maneno machache, ambaye wakubwa walimwogopa kwa sababu alikuwa na tabia ya kusoma anachosaini. Ratiba ilisema msafara utapanda magari mpaka getini, utatembea dakika kumi na mbili na sekunde arobaini, Mkurugenzi atabonyeza kitufe, kisha soda. Siku za shangazi zilikuwa zimebaki mbili.

Ratiba ilipokwisha kusomwa ukumbini, Muhtasari akasimama. "Kwa heshima zote. Kipimo cha kwanza kina dosari, na dosari ni yangu. Nilianzia getini. Kifungu cha nne kinasema kila kipimo katika Idara hii kinaanzia mezani pa Mkurugenzi."

Katibu Mkuu akamgeukia Mkurugenzi. "Ulisema hivyo?"

Mkurugenzi hakuwahi kuyakana maneno yake mbele ya mtu mkubwa kuliko yeye. "Nilisema, mheshimiwa. Na ninayasimamia."

"Haya. Tuanzie mezani."

Msafara ukatoka, kila afisa na kidole chake, Mama Gambuti nyuma yao. Masijala alikivaa kifaa shingoni kwa zile nyuzi tano za stoo, zilizosukwa zikawa kamba imara, na hapo ndipo zilipopata kazi. Nje ya bati kifaa kilifanya kazi vizuri mno. Mshale wa dira ulionyesha kusini, na kusini ilikuwa barabara ya lami yenye maua pembeni. Muhtasari alitangulia na saa. Mkurugenzi alianza kwa furaha, akipungia majirani. Dakika ya tisa akaacha kupunga. Dakika ya kumi akaanza kuburuta miguu.

"Tafadhali, mheshimiwa, mwendo uwe ule wa kila asubuhi," alisema Muhtasari kwa adabu, "kipimo kisije kikaharibika."

Dakika ya kumi na mbili waliingia geti la nyumba namba sita. Sekunde ya thelathini walivua viatu, kwa sababu palikuwa na zulia. Sekunde ya arobaini ilimkuta Mkurugenzi amesimama kati ya televisheni na kochi lake.

Mke wake akatoka chumbani na taulo kichwani. "Baba watoto, watu wote hawa wanatafuta nini sebuleni kwangu?"

"Jiwe, mama," alisema Mapokezi.

Dereva hakuwa mtu wa maswali. Alichovya brashi, akachora alama ya mkasi ukutani, kubwa, nyekundu, juu kidogo ya picha ya harusi.

"Siku kumi na nne," alisema Katibu Mkuu, akitazama mapazia. "Ndivyo ilivyo kwenye notisi zenu, sivyo?"

Jasho lilimtoka Mkurugenzi. "Mheshimiwa, kitaalamu, zipo dakika na dakika."

Muhtasari akafungua daftari. Alisoma mpaka kwenye nukta. "'Dakika ni dakika. Ofisini ni dakika, msituni ni dakika.' Mezani pako, mheshimiwa. Maneno yako."

Kutoka mlangoni, alikobaki kwa ajili ya zulia, Mama Gambuti alisema kwa upole kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu. Katibu Mkuu akamwita aingie, na gambuti zake, akamwambia aeleze. Akaeleza. Haikuchukua muda. Katibu Mkuu aliuliza swali moja tu, kama kuna nyumba nyingine yenye alama kama ile, na Muhtasari akajibu kabla hajaulizwa mara ya pili.

"Alama mbili zimewekwa kwa saini moja," alisema Katibu Mkuu. "Zitafutwa kwa saini hiyo hiyo. Kesho aliyesaini atasimama kwenye jiwe lenyewe, kifaa mkononi, atabonyeza kitufe chake. Bila alama ya jiwe kwenye kifaa, nyumba zote mbili zitaondolewa. Na atakwenda kwa miguu, maana naona anaweza."

Asubuhi waliondoka kwenye geti la msitu watatu tu, Mama Gambuti, Muhtasari na Mkurugenzi, ambaye alivaa viatu vyake vya kikao akiwa bado na matumaini. Mama Gambuti akaweka alama mahali gari lilipobaki, akakagua betri za akiba, akakitundika kifaa shingoni mwa Mkurugenzi kwa zile nyuzi.

Baada ya dakika kumi na mbili na sekunde arobaini walifika jikoni. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, pembeni yake ndoo, sabuni na brashi ngumu.

"Si hapa?" aliuliza Mkurugenzi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Hapa ni jikoni, mheshimiwa," alisema Shangazi. "Mwanangu alipaandika vibaya. Kunywa maji, uendelee. Mimi nasubiri kusugua."

Walishuka bonde la kwanza, wakapanda, wakashuka la pili. Kisigino kimoja cha kiatu kilibaki matopeni. Tai ilifungwa kichwani kuzuia jasho, na baada ya muda hakuna aliyeitwa mheshimiwa tena. Jua lilipofika utosini, Mkurugenzi alishika mti, akahema.

"Bado kiasi gani?"

Mama Gambuti akakishika kifaa kifuani pa Mkurugenzi, akasoma. "Dakika mbili."

Uso wa Mkurugenzi ukachanua. Akaishusha tai, akaifunga upya shingoni, akapangusa suruali, akajikohoza kama mtu anayekaribia kuhutubia. Akapiga hatua tatu. Kisha akasimama, akageuka polepole.

"Za saa?"

"Za ardhi."

Mkurugenzi akakaa chini, papo hapo, kwenye matope. Muhtasari akatoa kalamu, akatazama saa, akaandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba hatimaye Mkurugenzi amejua alipo. Kisha akampa mkono, akamwinua, wakaendelea kusini.